Tabopropu si kila injini yenye tabo

Hivi karibuni, katika baraza moja ya Ngamiani hapa Tanga, nililetewa karatasi yenye majina ya ndege tatu za injini mbili ambazo mfanyabiashara mmoja na wenzake wanazilinganisha, wakikusudia kununua moja ya kuvusha abiria kwenda Pemba na Unguja. Juu ya karatasi paliandikwa "Tabopropu", na chini yake Twin Otter, King Air B200 na Cessna 402. Hiyo ya tatu haikustahili kuwamo, na aliyeiandika alinijibu bila wasiwasi kwamba tangazo la muuzaji limesema wazi kuwa injini zake zina tabo. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno.

Tabopropu ni injini ya tabini (gurudumu lenye mapezi linalozungushwa na gesi au maji) inayozungusha rapa, yaani panga la mbele linaloivuta ndege. Hewa hubanwa, mafuta huwaka ndani yake, gesi ya moto huzungusha tabini, na karibu nguvu yote hupitia giaboksi kwenda kwenye rapa, badala ya kufyatuka nyuma kama ilivyo kwenye jeti.

Kosa limeanzia kwenye neno lenyewe. Katika Kilatini, turbo ni kisulisuli, na vilevile ni ile pia ambayo watoto huizungusha kwa uzi. Mwaka 1822 Mfaransa Claude Burdin alilitumia kuunda jina la mashine ya kuzungushwa na maji, nasi tukalipokea jina hilo kama tabini. Nusu ya pili, propu, inatokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kusukuma mbele. Hadi hapo hapana utata. Utata uliingia pale kifaa cha malori kiitwacho turbocharger kilipofupishwa jina kikawa "tabo" tu. Tabo ya lori ni tabini ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, ili iisindilie hewa injini ambayo bado ni ya pistoni kama ilivyokuwa. Humo tabini ni msaidizi. Katika tabopropu tabini ndiyo injini yenyewe. Cessna 402 ina injini mbili za Continental za pistoni zilizofungwa tabo, yaani katika jambo hili iko karibu zaidi na lori kuliko na King Air. Piper, watengenezaji wengine wa ndege, nao wametega mtego wao: PA-31 Navajo ni ya pistoni, ilhali PA-31T Cheyenne ni tabopropu, na herufi moja tu ndiyo inayozitenganisha.

Kwa mnunuzi, hili si suala la lugha peke yake. Injini ya pistoni ya ndege hizo hunywa petroli ya ndege, na tabini hunywa Jet A-1, mafuta yaleyale ya ndege kubwa. Anayelinganisha gharama za safari bila kulijua hilo analinganisha visivyolingana. Baada ya hapo ndipo yanapokuja maswali ya kweli, kwamba Twin Otter hubeba abiria hadi 19 na magurudumu yake hayakunjwi, na King Air hubeba wachache lakini chumba chake cha abiria hushindiliwa hewa ili wapumue vizuri ndege ikiwa juu sana, faida ambayo mtu anayevuka mkondo wa Pemba kwa kuruka chini ataitumia mara chache.

Asiyetaka kusoma vitabu na aende akatazame ndege iliyoegeshwa. Injini za PT6, zilizomo katika Twin Otter na King Air, zina rapa isiyoungwa moja kwa moja na tabini inayoendesha mtambo wa kubana hewa, kwa hiyo upepo wa bahari unaweza kuizungusha rapa wakati injini imezimwa, na ndiyo sababu marubani huifunga rapa kwa mkanda kabla hawajaondoka. Nyuma kidogo ya rapa utaona mabomba mawili manene ya moshi, moja kila upande. Rapa ya pistoni, ukiisukuma kwa mkono (usifanye hivyo, inaweza kuwaka), hukataa kwa sababu ya mgandamizo wa silinda.

Karatasi ile nimeirudisha bila kuichana. Nimekata jina la Cessna 402 katika orodha ya tabopropu na kuliandika upande wa pili, chini ya maneno "injini mbili za pistoni, zenye tabo". Ni ndege nzuri, na huenda ndiyo itakayowafaa. Nimeomba tu iitwe kwa jina lake.