King'amuzi kimeisha kifurushi na TBC1 imekata? Soma hapa kabla hujamwita fundi

Wiki hizi mbili tatu simu za dawati letu hapa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zina wimbo mmoja tu, "king'amuzi kimekata mpaka TBC". Na kwa vile tumeagizwa kila kitengo kiandike elimu kwa umma kuhusu jambo linalolalamikiwa zaidi, mimi nimeangukiwa na hili, na nitaliandika kama ninavyoongea na watu, siyo kwa lugha ya barua. Nitangulize tu kwamba haya ni maelezo ya jumla. Kama una shauri linaendelea na umeshapewa namba ya kumbukumbu, usiyachukue haya kama majibu yako, majibu yako yatakuja kwa njia yake.

Mwaka mmoja kwenye banda letu Sabasaba alikuja mama mtu mzima na king'amuzi ndani ya mfuko wa rambo (enzi hizo rambo ilikuwa bado ruhusa), waya wa antena umefungwa na kamba ya kiatu, akakiweka mezani puu. "Mwanangu, hiki kidude kimenila hela. Nimelipia TBC mwezi mzima, wiki mbili sioni kitu, chenga tupu." Nikamwamkia, akaitika, nikamuuliza mama umelipia TBC au umelipia kifurushi? Akaniangalia kama mtu anayetaniwa. "Si ndo hichohicho?"

Si hichohicho mama. Na kwanza dijitali haina chenga, chenga zilizikwa na analojia. Dijitali ikisumbua picha inaganda, inakatikakatika vipande vya mraba halafu kioo kinakuwa cheusi. Nilimwambia hivyo, nadhani kwa ukali kidogo kuliko ilivyotakiwa maana alikuwa mtu wa arobaini na kitu kunijia siku hiyo na swali lilikuwa lilelile.

Sasa ili tuelewane hebu turudi nyuma, maana watu wengi wanadhani televisheni ya taifa ndo ilikuwa ya kwanza halafu hizi binafsi zikafuata. Kwa redio ni kweli. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, 1956 ikawa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation, 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazee wakiisikia wanaanza kukutajia watangazaji mmoja mmoja. Ila televisheni huku bara ilikuja kinyumenyume. Zanzibar walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena wakaanza na rangi moja kwa moja, ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara, wakati huku bara sera ya Mwalimu Nyerere ilikuwa televisheni isubiri, ni kitu cha wachache wenye uwezo na nchi ina mambo ya kufanya kwanza. Unaweza kukubaliana nayo au usikubaliane, mimi nasema ilivyokuwa. Ikaja Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi, 1994 tukawa na ITV, DTV na CTN hewani, na serikali yenyewe ikawa haina televisheni huku bara! Televisheni ya Taifa, TvT, imekuja mwishoni mwa miaka ya 1990, tayari watu wa Dar wana miaka kadhaa ya kuzoea tamthilia za kwingine. Baadaye TvT na RTD zikaunganishwa chini ya mwavuli mmoja, Taasisi ya Utangazaji Tanzania, TUT, halafu 2007 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanzania na TvT ikawa TBC1. Herufi zilezile za 1956, T na B na C, zilizoondoka 1965, zimerudi nyumbani baada ya miaka 40 na ushee.

Nimeeleza yote hayo kwa sababu moja. Chaneli ya umma kwetu ilizaliwa ikiwakuta wenzake sokoni, kwahiyo mtu anaihesabu ni chaneli tu kama nyingine, anaiweka kwenye kapu moja na zile za kulipia. Siyo. TBC1 ni ya kutazamwa bure. Nchi kama Uingereza kila nyumba yenye kutazama inalipa leseni ya mwaka ndo BBC inaendeshwa, sisi hatuna kitu hicho, shirika linaendeshwa kwa ruzuku ya serikali na matangazo ya biashara. Hakuna mtu Tanzania anayelipia TBC1. Ukiambiwa "lipia upate TBC", iwe na fundi au na kijana wa dukani, umedanganywa au amedanganywa yeye.

Hela yako inaenda wapi basi? Inaenda kwenye kifurushi, yaani zile chaneli za kulipia. Hapa ndo uhamaji wa dijitali ulipochanganya watu na nakiri kwamba sisi wataalamu tulieleza vibaya, tulisema sana "digitali, digitali" na hatukusema nani anafanya nini. Nchi zilikubaliana Geneva 2006 kwamba analojia ifike mwisho tarehe 17 Juni 2015, Tanzania hatukusubiri, tulizima Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, wa kwanza Afrika Mashariki, halafu 2013 ikafuata mikoa mingine, Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi, Mbeya. Kabla ya hapo kila kituo kilikuwa na mtambo wake wa kurushia. Baada ya hapo kituo kinatengeneza vipindi tu, kinampelekea mwenye mux, yaani mtambo wa pamoja wa kurushia, na mwenye mux ndo anarusha chaneli nyingi kwa pamoja kwenye masafa yaliyokuwa yanabeba moja. Leseni za mux zilitoka tatu, Star Media ambayo ni ubia wa TBC na StarTimes ya China, Basic Transmissions, na Agape. Sehemu ya masafa yaliyobaki ndo hii mnayotumia kwenye intaneti ya simu, kwahiyo anayenipigia kwa 4G kulalamika kwamba dijitali haijamletea faida yoyote, sawa.

Sasa sharti, na hili naomba ulisome mara mbili. Kwenye king'amuzi cha antena, kifurushi kikiisha, chaneli za bure za kitaifa hazitakiwi kukatika. Zinabaki. Zikikatika kuna mambo mawili, ama ni mawimbi hayafiki vizuri kwako, ama kweli kuna tatizo kwa mtoa huduma, na kwa uzoefu wa dawati letu watu wanarukia la pili kabla hawajaangalia la kwanza. Chukua rimoti, ingia menyu, tafuta sehemu ya usakinishaji, bonyeza kutafuta chaneli kiotomatiki, uache ifike asilimia mia, usiguse kitu. Ikiwa haijaleta, geuza antena kidogo, kiduchu tu, uanze tena. Kuna mafundi wanatoza hela kwa kazi hii na wanakuja na begi kubwa la vifaa. Ni rimoti tu jamani! Yule mama tulichomeka king'amuzi chake kwenye TV ya bandani, tukatafuta, namba zikawa zinapanda pole pole, kufika sitini na kitu TBC1 ikatokea na mtangazaji katikati ya sentensi. Mama akasema "kumbe", akakaa kwenye kiti.

Dishi ni habari nyingine na msichanganye. Agosti 2018 mnakumbuka mamlaka iliagiza Azam, DStv na Zuku waziondoe chaneli za bure za ndani kwa kuwa leseni zao zilikuwa za kulipia, mitandaoni watu wakaandika "serikali imefunga ITV". Haikufunga kitu, ITV ilikuwa hewani kwenye antena muda wote. Siku hizi chaneli nyingi zimerudi kwenye madishi ila msingi ni uleule, unachokipata kwenye dishi kinategemea leseni na makubaliano, uhakika wa chaneli ya bure upo kwenye antena.

Umefanya yote na bado? Lalamika, ni haki yako, lakini kwa utaratibu, maana lalamiko lisilofuata utaratibu tunalirudisha na wewe unaona tumekupuuza. Kwanza unaanza kwa mtoa huduma mwenyewe, siyo kwa mamlaka, siyo kwa mkuu wa wilaya (yupo aliyefanya hivyo). Unampigia au unaenda dukani kwake na unahakikisha umepewa namba ya lalamiko, bila namba hujalalamika, umeongea tu. Andika tarehe na saa tatizo lilipoanza, namba ya kadi ya king'amuzi ambayo iko kwenye stika ya chini au ya nyuma, eneo ulipo mpaka mtaa, na chaneli zipi hazionekani na zipi zinaonekana, maana hiyo ya mwisho peke yake inatuambia kama ni antena au ni kitu kingine. Piga picha kioo cha TV kikiwa kinaonyesha ujumbe. Tunza risiti au meseji ya malipo hata kama lalamiko linahusu chaneli ya bure, maana upande wa pili watasema wewe si mteja wao. Usiporidhika na majibu ndo unakuja TCRA kwa maandishi ukiambatanisha hivyo vyote, na kama hujui kuandika vizuri kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, kazi yao ni kumsemea mtumiaji. Uamuzi wa mamlaka nao usiporidhika nao unakata rufaa Baraza la Ushindani.

Na wale vijana wanaochukua TBC1, wanairusha mubashara kwenye ukurasa wao wakati wa mechi au hotuba, halafu wanasema "si ni ya bure?" Bure kutazama, siyo bure kurusha upya. Kituo cha utangazaji kina haki zake chini ya sheria ya hakimiliki, na ukirusha habari na matukio mtandaoni bila leseni unaangukia pia Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, marekebisho ya 2022 yaliwapunguzia mzigo watu wengi ila wa habari wamebaki humohumo. Adhabu iliyowekwa kwenye kanuni hizo za 2020 ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12 au vyote viwili. Narudia, isiyopungua. Maneno ya "nilikuwa sijui" tunayasikia kila siku na hayapunguzi hata shilingi.

Kuna kundi la tatu wanaopigia dawati la mawimbi wakati shida yao ni vipindi. Kwa nini Bunge halionyeshwi lote, kwa nini siku ya mechi kuna hotuba, kwa nini kile kipindi cha vichekesho, Orijino Komedi, kiliisha. Bunge lina historia yake, Januari 2016 TBC ilipunguza matangazo ya moja kwa moja na waziri wa wakati huo Nape Nnauye akaeleza gharama kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, ikaletwa Leo Katika Bunge ya kurekodiwa, mjadala ulikuwa mkubwa na mimi siyo msemaji wa hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba chaneli ya umma haipangi ratiba kwa kuangalia nani anashangilia zaidi, inabeba sikukuu za kitaifa, habari za saa mbili, kilimo, vitu ambavyo wa kibiashara hawezi kuviuzia tangazo. Ila na burudani imo. Ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilivyowekewa sauti za Kiswahili ikaruka TBC, watu walifuatilia kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba. Malalamiko ya aina hii yanaenda kwa kituo chenyewe, siyo kwetu.

Yule mama alirudi bandani siku ya tatu yake, safari hii bila mfuko. Nikajua imekata tena. "Hapana mwanangu, inaonyesha vizuri, mpaka majirani wanakuja. Nilitaka kukuuliza, ile tamthilia mbona wameihamisha saa?" Nikamwelekeza banda la TBC.