Uzalishaji mwembamba: maana yake na ulikotokea

Katika hospitali nyingi za umma nchini Tanzania kuna bango ukutani lenye maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hizo ndizo S tano, zilizoletwa kwa ushirikiano na Japani, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilizianza mwaka 2007. Wengi wetu tumeijua kaizen, yaani kuboresha kazi hatua kwa hatua, kwa njia hiyo, tukaielewa kuwa ni utaratibu wa Kijapani wa kupanga makabati na kufagia. Kufagia kumo, lakini S tano ni chembe tu ya mfumo mkubwa zaidi, uzalishaji mwembamba, na mfumo wenyewe haukuanzia kwenye usafi. Ulianzia kwenye uhaba, na kwa sehemu kubwa kwenye kampuni moja iliyokaribia kufilisika.

Uzalishaji mwembamba ni namna ya kuendesha kazi ambayo kitu hutengenezwa pale tu kinapohitajika na kwa kiasi kinachohitajika, na kasoro ikitokea kazi husimamishwa papo hapo mpaka chanzo chake kijulikane. Maelezo hayo yana nusu mbili. Ya kwanza, ya kutolimbikiza mali, ndiyo inayopendwa na wahasibu. Ya pili, ya kusimamisha kazi, ndiyo inayorukwa, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba mfumo mzima.

Tuanze na hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867, mtoto wa seremala, katika kijiji ambacho leo kimo ndani ya mji wa Kosai, mkoa wa Shizuoka. Alitumia maisha yake kuboresha mashine za kufumia nguo. Tatizo la mashine ya namna hiyo ni kwamba haina macho: uzi mmoja wa mtande ukikatika, inaendelea kufuma, na mita kadhaa za kitambaa zinaharibika kabla mtu hajagundua. Ndiyo maana kila mashine ilihitaji mtu wa kuisimamia. Sakichi alibuni vifaa vya kuisimamisha yenyewe uzi unapokatika, na mwaka 1924 akakamilisha mashine iliyojiendesha kikamilifu, inayojulikana kama Aina ya G. Mfanyakazi mmoja sasa aliweza kuangalia mashine nyingi, kwa kuwa hakuwa tena mlinzi wa uzi. Aliitwa na mashine pale tu ilipokuwa na shida. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyoufundisha ulimwengu kufuma kwa mashine, ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki za uvumbuzi huo.

Wajapani huiita kanuni hiyo jidoka: mashine, au mtu, apewe uwezo wa kutambua kasoro na kusimama. Sehemu nyingine nyingi za mfumo huu zimejengwa juu yake.

Mwana wa Sakichi, Kiichiro Toyoda, aliingia kwenye magari. Toyota ilisajiliwa kama kampuni ya magari mwaka 1937, na kiwanda chake cha Koromo, mji ambao tangu mwaka 1959 unaitwa Toyota, kilifunguliwa mwaka 1938. Ni Kiichiro aliyetoa wazo kwamba kila kipuri kifike kwenye kazi kwa wakati wake, si mapema wala si kwa kuchelewa. Vita vikalizima wazo hilo kabla halijakomaa. Japani iliposhindwa mwaka 1945, aliwaambia watu wake kwamba ni lazima waifikie Marekani ndani ya miaka mitatu, la sivyo tasnia ya magari ya Japani haitadumu. Taiichi Ohno, mhandisi aliyetokea kwenye kampuni ya nguo ya familia hiyo hiyo, alikuwa amewahi kusikia kwamba Mmarekani mmoja anazalisha sawa na Wajapani tisa. Alijiuliza kama kweli Mmarekani ana nguvu za mwili mara tisa. Jibu lake lilikuwa hapana: lazima Wajapani walikuwa wanapoteza kitu.

Kisha ukaja mwaka 1949. Serikali ya Japani, chini ya usimamizi wa Marekani, ilibana matumizi na mikopo ili kuua mfumuko wa bei, na wateja wa malori wakaacha kulipa. Toyota ilikuwa imejaza bidhaa zisizonunuliwa huku haina fedha za mishahara. Iliokolewa na mkopo wa kundi la mabenki, lakini kwa masharti: kampuni ya mauzo itenganishwe na ya kutengeneza, magari yasitengenezwe kuliko yanavyouzika, na wafanyakazi wapunguzwe. Mgomo mkali ukafuata mwaka 1950. Wafanyakazi wapatao 2,000 waliondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu mwezi Juni kubeba lawama. Wiki chache baadaye vita vya Korea vikalipuka, na jeshi la Marekani likaagiza malori kwa wingi.

Nakaa hapa kwa makusudi. Mara nyingi inasemwa kwamba Wajapani walifanikiwa kwa sababu ni Wajapani: wana nidhamu, wanatii, wanapenda kampuni zao. Mwaka 1950 hawakuwa wanatii. Walikuwa kwenye mgomo. Kilichotoka kwenye mgogoro ule ni mambo mawili yanayoweza kuelezwa bila kutaja utamaduni wa mtu yeyote. La kwanza, uongozi ulijifunza kwa uchungu kwamba gari lisilo na mnunuzi ni deni lenye magurudumu. La pili, hatua kwa hatua, uongozi na chama cha wafanyakazi walifikia maelewano: wenye ajira ya kudumu wasingefukuzwa tena kwa wingi, nao wangeshiriki kuongeza tija. Vibarua wa msimu hawakupata kinga hiyo, na wameendelea kupunguzwa kila mambo yanapokuwa magumu. Lakini kwa yule aliye ndani, mpango ulikuwa wazi: ukionyesha kwamba kazi ya watu watatu inaweza kufanywa na wawili, hutakuwa umejifukuzisha wewe wala mwenzako.

Mwaka huo huo Eiji Toyoda, binamu yake Kiichiro, alitembelea kiwanda cha Ford cha Rouge, Marekani, kilichotoa maelfu ya magari kwa siku wakati Toyota ilikuwa ikihesabu makumi. Kuiga Rouge kusingewezekana. Ford iliweza kutenga mashine nzima kwa kipuri kimoja kwa muda mrefu. Toyota ilihitaji aina nyingi za magari kwa idadi ndogo, mashine chache, na haikuwa na fedha za kulaza ghalani.

Ohno akageuza mwelekeo wa kazi. Kwa kawaida idara ya kwanza hutengeneza inavyoweza na kuisukumia idara inayofuata. Yeye alitaka idara inayofuata ndiyo ije kuchukua inachohitaji, na ile ya nyuma itengeneze tu kujaza pengo lililoachwa. Wazo hilo alilifananisha na supamaketi za Kimarekani, ambako mteja huchukua kwenye rafu na muuzaji hujaza palipopungua. Kadi ndogo, kanban, ilisafiri na vipuri. Vikitumika, kadi inarudi nyuma kama agizo. Bila kadi, hakuna kutengeneza. Alianza kwenye karakana aliyoiongoza mnamo 1953, na ilichukua takribani miaka kumi kuueneza mfumo kampuni nzima. Muda huo si wa kushangaza, kwani mafundi wenyewe walikuwa wakipinga mtu mmoja kuendesha mashine tatu au nne.

Kwa nini kupunguza akiba kunaleta ubora? Hapa ndipo wengi hupotea, na mfano wa bahari unafaa. Maji yakijaa, miamba haionekani na mashua inapita juu yake. Yakipwa, kila mwamba unajitokeza. Akiba ya vipuri ndiyo maji. Kama kuna vipuri 5,000 ghalani, mashine mbovu, msambazaji mchelewaji na fundi asiyefunzwa vizuri vyote vinafichika. Punguza akiba hadi vipuri 50, na ndani ya saa moja kila mtu anajua shida iko wapi. Ohno aliipunguza kwa makusudi ili shida zijitokeze. Ndiyo sababu kati ya aina saba za upotevu alizozitaja, yaani kuzalisha kupita kiasi, kusubiri, kusafirisha, kufanyia kitu kazi isiyohitajika, kulimbikiza, mizunguko ya mwili isiyo na faida na kasoro, aliiona ile ya kwanza kuwa mbaya kuliko zote. Kuzalisha kupita kiasi kunazaa zile nyingine na kuzificha.

Ila miamba ikishaonekana, mtu awe na ruhusa ya kusimamisha mashua. Kwenye mstari wa kuunganishia magari Toyota iliweka kamba, na juu yake ubao wa taa. Mfanyakazi akiona kasoro anavuta, taa inawaka, kiongozi wa kikundi anakimbilia pale. Wasipoimaliza kwa muda uliowekwa, mstari unasimama. Halafu wanauliza kwa nini, si mara moja bali mara tano, mpaka wafike kwenye kitu kinachoweza kurekebishwa. Fikiria uzito wake: kibarua wa ngazi ya chini anasimamisha kazi ya mamia ya watu, na anashukuriwa.

Mambo ya kiufundi yaliyofuata yalitokana na mahitaji hayo. Ili kutengeneza kidogo kidogo, kubadilisha kalibu kwenye mashine za kugandamiza mabati kulipaswa kuwa kwepesi. Mwaka 1969 Toyota, kwa msaada wa mhandisi Shigeo Shingo, ilishusha muda wa kubadilisha kalibu ya mashine ya tani 1,000 kutoka saa nne hadi dakika 90, na baadaye hadi dakika tatu. Shingo huyo huyo ndiye aliyeeneza poka-yoke, vifaa vya kumzuia mtu asikosee. Katika kiwanda kimoja mafundi walikuwa wakisahau kuweka springi kwenye swichi ndogo. Dawa yake ikawa kisahani. Fundi aweke kwanza springi mbili kwenye kisahani, ndipo aunganishe. Ikibaki moja, amesahau.

Sambamba na hayo kulikuwa na harakati ya ubora iliyokuwa pana kuliko Toyota. Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani, JUSE, ulianzishwa mwaka 1946. Mwaka 1950 ulimwalika Mmarekani W. Edwards Deming, mtaalamu wa takwimu ambaye alikuwa ameshafika Japani mwaka 1947 kwa shughuli za sensa. Aliyofundisha yalitokana na kazi ya Walter Shewhart, aliyechora mwaka 1924 chati ya kwanza ya udhibiti, yaani grafu inayoonyesha kama vipimo vimo ndani ya mipaka ya kawaida. Kiini chake ni hiki: vipimo vya bidhaa hutofautiana siku zote. Baadhi ya tofauti ni za kawaida, zimo ndani ya mfumo wenyewe. Nyingine zina sababu maalumu, kama kisu kilichochakaa au malighafi mbaya. Ukimgombeza fundi kwa tofauti za kawaida unamwonea, kwani hana uwezo nazo. Ni kazi ya uongozi kubadili mfumo. Ndiyo maana Deming alisisitiza kusema na wakurugenzi wenyewe, na Ichiro Ishikawa, rais wa JUSE, akawakusanya. Deming aliiachia JUSE mapato ya mihadhara yake iliyochapwa, na mwaka 1951 tuzo yenye jina lake ikaanza kutolewa. Joseph Juran alifuata mwaka 1954, akaupeleka ubora kutoka kwa wakaguzi hadi kwenye mipango ya uongozi.

Lakini aliyeushusha ubora hadi kwa fundi wa kawaida ni Mjapani, Kaoru Ishikawa, mwana wa Ichiro. Mwaka 1962 JUSE ilianza jarida la bei nafuu kwa ajili ya wasimamizi wa karakana, na kutoka kwenye vikundi vya kulisoma zikazaliwa duara za ubora: wafanyakazi wachache wa sehemu moja wanaokaa kuchunguza tatizo lao wenyewe kwa chati rahisi, mojawapo ikiwa mchoro wake wa mfupa wa samaki, unaopanga sababu za tatizo kama matawi ya mfupa. Alifundisha kwamba hatua inayofuata ya kazi ni mteja wako. Toyota ilijiunga na harakati hii rasmi mwaka 1961 na kupata Tuzo ya Deming mwaka 1965, mito miwili ikawa mmoja.

Nje ya Toyota wachache walijali mpaka mgogoro wa mafuta wa 1973, pale ilipojinasua haraka kuliko wengine. Kisha likaja jaribio ambalo kwangu linamaliza ubishi wa utamaduni. General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California, mwaka 1982, kikiwa na sifa ya utoro na migogoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, wengi wa wafanyakazi wakiwa wale wale, chama kile kile. Ubora ukapanda hadi kukaribia viwanda vya Japani. Mhandisi aliyefanya kazi hapo, John Krafcik, ndiye aliyeandika mwaka 1988 makala iliyoupa mfumo huu jina la wembamba. Kabla ya hapo alikuwa akiuita mfumo usio na kinga, unaovunjika kwa urahisi.

Jina hilo la awali halikukosea. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin mjini Kariya, kilichotengeneza karibu vali zote za aina fulani ya breki za Toyota. Akiba ilikuwa ndogo sana. Viwanda vya Toyota vikasimama, na makumi ya kampuni, hata Brother watengenezaji wa vyerehani, wakaanza kuchonga vali. Uzalishaji ulirudi ndani ya takribani wiki moja. Gharama nyingine hulipwa na mwili. Mwaka 2002 mfanyakazi wa Toyota mwenye miaka 30 alifariki kwa kazi za kupindukia, na mwaka 2007 mahakama ya Nagoya iliamua kwamba shughuli za duara za ubora alizofanya baada ya zamu zilikuwa kazi. Mwaka uliofuata Toyota ilianza kuzilipa saa hizo zote. Kwa miaka mingi zilikuwa zikihesabiwa kuwa za hiari, na hilo ni jambo la kukumbukwa na yeyote anayeanzisha vikundi vya kaizen kwa watu wanaolipwa kidogo.

Baada ya tetemeko la ardhi la Machi 2011 Toyota ilichunguza wasambazaji wake hadi wa ngazi za chini, na kwa vipuri ambavyo huchukua muda mrefu kutengenezwa upya, hasa chipu za elektroniki, iliwataka waweke akiba ya miezi miwili hadi sita. Uhaba wa chipu ulipoanza kusimamisha viwanda vya magari duniani mapema mwaka 2021, Toyota ilistahimili kuliko washindani wengi, hadi ilipofika Septemba ya mwaka huo nayo ikalazimika kupunguza uzalishaji.