Kutofika Kwenye Miadi Bila Taarifa: Maana Yake na Adabu Zake

Kutofika kwenye miadi bila taarifa ni hali ya mtu aliyekubaliana na mwenzake siku, saa na mahali pa kukutana, kisha saa hiyo ikafika na kupita bila yeye kutokea wala kutuma neno. Si sawa na kuchelewa, kwa kuwa anayechelewa hatimaye hufika. Si sawa pia na kufuta au kuahirisha miadi, ambako mhusika hutangulia kumwarifu mwenzake ili kila mmoja ajipange upya, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe: aliyefuta mapema amemrudishia mwenzake saa yake ikiwa nzima, naye anaweza kuifanyia kazi nyingine au kumpa mtu mwingine, lakini asiyefika na asiseme lolote ameipoteza saa hiyo kwa wote.

Tumtazame daktari wa meno. Kabla mgonjwa hajaingia, vifaa vimekwisha kutakaswa na kupangwa kwenye trei, faili limefunguliwa na msaidizi amevaa glovu. Saa nne waliyokubaliana ikipita, hakuna anayejua kama mgonjwa yuko njiani au haji kabisa, na kwa sababu hiyo hakuna anayethubutu kumwita mwingine. Kiti kinabaki kitupu hadi muda uliobaki unakuwa mfupi mno kumtibu mtu yeyote. Wakati huohuo yuko mwenye jino linalomuuma ambaye juzi aliambiwa kwamba nafasi zote zimejaa. Huyo ndiye mwenye hasara kubwa zaidi, na ndiye ambaye mtoro hamfikirii kamwe, kwa kuwa hamjui na hatamwona.

Hasara hiyo huwafikia hata wanaotimiza ahadi zao. Kliniki iliyochoshwa na wasiofika huanza kuwapangia watu wawili saa moja, na siku wote wawili wanapofika foleni hurefuka. Mashirika ya ndege nayo yamezoea kuuza tiketi nyingi kuliko viti, yakitegemea kwamba baadhi ya abiria hawatatokea. Mwaka 1972 mtetezi wa haki za walaji nchini Marekani, Ralph Nader, alikosa kiti katika ndege ya Allegheny Airlines ingawa nafasi yake ilikuwa imethibitishwa, akashtaki, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba dai lake la kutoelezwa ukweli liendelee kusikilizwa bila kusubiri kwanza uamuzi wa bodi ya usafiri wa anga.

Taarifa huhesabiwa kuwa ya mapema pale inapomwachia mwenzako nafasi ya kufanya jambo la maana na muda uliomrudishia. Wengi wanaotoa huduma huomba saa 24, lakini hata taarifa ya saa moja kabla ina faida kuliko kimya. Ujumbe wenyewe hauhitaji maelezo marefu: «Samahani, sitaweza kufika kesho saa nne. Naomba unipangie siku nyingine.» Sababu si lazima itajwe, na ya uongo ni afadhali isitajwe kabisa.

Wengi wasiofika hawana dharau. Baadhi yao husahau tu, na ndiyo maana ujumbe mfupi wa kukumbusha hupunguza idadi yao. Kundi linalohitaji kusemwa zaidi ni la wale wanaokumbuka, wakaona wamechelewa kutoa taarifa, wakaona aibu, kisha wakanyamaza. Kesho yake aibu imeongezeka, na wiki ikipita wanabadilisha fundi au daktari ili tu wasikutane naye. Simu ya kuomba radhi siku ileile, hata baada ya saa kupita, huumaliza mnyororo huo. Aliyepatwa na ajali, ugonjwa wa ghafla au msiba hana lawama, ila akipata nafuu ni vyema aeleze.

Wajibu huu haumhusu mteja peke yake. Mtaalamu asiyetokea ilhali watu wamesafiri kumfuata, au mkubwa anayemwacha mdogo wake akimsubiri mlangoni asubuhi nzima, ametenda kosa lilelile, tena zito zaidi, kwa sababu anayesubiri mara nyingi hana uwezo wa kulalamika. Vilevile ofisi inayodai taarifa ya mapema lakini simu yake haipokelewi haina haki ya kumtoza mtu faini. Kwa mara ya kwanza inatosha kuuliza kwa upole kama kuna lililompata mwenzako. Kwa anayerudia, ni halali kumwomba malipo ya awali kabla ya kumpangia tena, mradi aelezwe sharti hilo waziwazi wakati wa kupanga.