Kujitoa kwenye muungano: yale tunayodanganyana kuhusu Scotland na Uingereza

Huku Mbeya ukikaa kijiweni Mwanjelwa siku ambayo redio imetaja Scotland kutaka kujitoa Uingereza, utasikia kila aina ya uchumi ukimwagwa pale na kila mtu anajiamini. Kura walishapiga Septemba 2014, waliotaka kubaki wakashinda kwa asilimia 55 kwa 45, ila miaka miwili baadae Uingereza yenyewe ikapiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya na ubishi ukaanza upya. Nachukua yale yanayorudiwa sana. Muungano wetu wenyewe siugusi, huo una siku yake.

"Ukijitoa, hela za michango zinabaki kwako"

Hii ndo ilibeba kampeni ya 2016, wakaandika kwenye basi jekundu kwamba Uingereza inapeleka Ulaya paundi milioni 350 kila wiki. Ukweli ni kwamba ile namba ilikuwa kabla ya kutoa punguzo ambalo walikuwa wanapewa, na kabla ya hela zilizokuwa zinarudi kwa wakulima wao na maeneo maskini, mpaka mamlaka yao ya takwimu ikasema hadharani kuwa inapotosha. Kuna kilichookolewa, siwezi kukataa, lakini michango ni kipande kidogo tu cha hesabu. Ofisi yao huru ya bajeti, OBR, inakadiria kwamba kwa muda mrefu tija ya uchumi itakuwa chini kwa kama asilimia 4 ukilinganisha na wangebaki, na hiyo ni kubwa kuliko michango yote waliyokuwa wanailalamikia.

"Si ushuru hakuna? Basi mzigo unapita kama kawaida"

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Desemba 2020 Uingereza na Ulaya walikubaliana kutotozana ushuru wa forodha, watu wakashangilia, Januari 2021 wauza samaki wa Scotland wakajikuta wanahitaji vyeti vya afya na makaratasi ya forodha ambayo hawakuwahi kuyajaza, mzigo ukachelewa, samaki wakashuka bei, wengine wakapeleka malori yao London kulalamika. Sasa mtu anayepeleka ndizi za Rungwe kupitia Kasumulu, au dereva wa semi aliyezoea kulala Tunduma, huyo hahitaji profesa amweleze. Kinachokula hela mpakani sio ushuru peke yake, ni foleni, ni cheti cha afya ya mimea, ni cheti cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, na ni ile siku serikali ya upande wa pili inaamka na zuio. Si tuliyaona 2025, Malawi wakazuia mchele na ndizi na unga toka huku, na sisi mwezi wa nne tukazuia mazao yao, na wote tuko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika!

Kwa Scotland hili ndo zito kuliko yote. Karibu asilimia 60 ya wanachouza nje kinaenda sehemu nyingine za Uingereza. Wakitoka halafu wakaingia Umoja wa Ulaya kama wanavyotaka wenyewe, mpaka wa forodha unahamia kati yao na mteja wao mkubwa. Kwa maoni yangu hii ndo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa kubaki, na bado hata kijiweni haitajwi, watu wanakimbilia mafuta.

"Wana mafuta bwana, wataishi tu"

Haya, mafuta. 2013 serikali ya Scotland ilipiga mahesabu ya uhuru kwa bei ya zaidi ya dola 110 kwa pipa. Januari 2016 pipa likawa chini ya dola 30. Mapato ya mafuta ya Scotland yakaporomoka toka paundi bilioni 1.8 mwaka wa fedha 2014/15 mpaka milioni 60 mwaka uliofuata. Mkulima wa kahawa Mbozi anajua bei ya dunia inavyoweza kukuacha unaangalia gunia. Ila wanaotaka kujitoa nao wana hoja yao: Norway waliweka hela za mafuta kwenye mfuko wa taifa, Uingereza ikazitumia, kwa hiyo wanauliza zile za miaka ya themanini zingeamuliwa Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, leo wangekuwa wapi. Swali la haki kabisa, tatizo yale mafuta mengi yalishachimbwa.

"Hela mnaendelea kutumia ileile"

Unaweza kutumia, hakuna wa kukukataza, ila anayepanga riba sio wewe. Februari 2014 waziri wa fedha wa Uingereza, George Osborne, alisema wazi Scotland ikiondoka hakuna kushirikiana paundi. Na hata mkikubaliana, wenye akaunti hawasubiri. Czechoslovakia iligawanyika tarehe 1 Januari 1993 kwa amani kabisa, wakapanga kubaki na sarafu moja angalau miezi michache, watu wakaanza kuhamisha akiba toka benki za Slovakia kwenda za Czech wakihofia sarafu ya Slovakia itashuka, na ilipofika tarehe 8 Februari zikawa hela mbili. Noti za zamani zikabandikwa stempu ili zijulikane ni za nani.

"Madeni na mali mnagawana, mambo yanaisha"

Yanaisha lini? Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, mkataba wa kugawana mali na madeni ukasainiwa 1984, na wazee waliofanya kazi reli, posta na ndege za Jumuiya waliendelea kudai mafao yao hadi miaka ya 2000, wengine wakawa wameshazikwa.

"Nchi ndogo ikitoka inakufa"

Uongo nao, ila huu ni wa upande wa pili. Slovakia haijafa, iliingia Umoja wa Ulaya 2004 na kuchukua yuro 2009. Ireland ilipojitenga miaka ya 1920, zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake yalikuwa yanaenda Uingereza, hela yake ikabaki imefungwa kwa paundi mpaka 1979, na ilikaa maskini miaka mingi tu kabla haijatajirika. Kilichowabadilisha wote wawili kwa sehemu kubwa ni soko jingine kubwa waliloingia, yaani Umoja wa Ulaya. Hata sisi tulijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, na Zambia na Malawi wamo humo hadi leo, lakini mchele wa Kyela haukukosa njia kwa sababu tulibaki ndani ya SADC pamoja nao. Waingereza wao walitoka soko la watu milioni 450 hivi wakaenda kutafuta mikataba na nchi za mbali kama Australia, ambako hata meli inachukua wiki kadhaa kufika.