Daktari bingwa wa magonjwa ya dharura ni nani, na sera zinamhusu vipi?

Ni daktari aliyesomea kumhudumia mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujajulikana bado na hali yake hairuhusu kusubiri. Hachagui umri wala kiungo: anapokea dereva wa bodaboda aliyevunjika paja, mtoto mwenye degedege, mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Huanza na njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu. Jina la ugonjwa hutafutwa mgonjwa akiwa ameshikiliwa asizidiwe.

Fani yenyewe ni changa. Cincinnati, Marekani, walianza kufundisha mabingwa wake mwaka 1970. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, na mafunzo ya ubingwa katika chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) yakaanza mwaka huohuo. Ni miaka 5 ya udaktari, 1 ya mafunzo kwa vitendo, kisha 3 ya ubingwa.

Mlangoni, wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao, si kwa nani kawahi. Mfumo uliotoka Afrika Kusini hutumia rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani. Anayelalamika kwa sauti kuhusu kifundo cha mguu anaweza kupewa kijani, na mtoto aliyelegea, hata kulia hawezi, akapitishwa moja kwa moja. Ndugu hukasirika, na wana haki ya kuelezwa.

Mlango huohuo ndio unaomvuta bingwa mwandamizi kwenye ushauri wa sera. Kila kinachokwama kwingine humfikia yeye: gari la wagonjwa lisilo na oksijeni, damu iliyokosekana, ndugu aliyetumwa dirisha la malipo huku mgonjwa anatweta. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, lakini haisemi nani analipa. Mfuko wa dharura na magonjwa mahututi ulikuja kuwekwa kwenye sheria mwaka 2023. Katikati ya ahadi na fedha ndipo mshauri anapofanya kazi.

Pia huonya kuhusu malengo yanayopimwa kwa saa tu. Uingereza iliweka lengo kwamba mgonjwa asizidishe saa 4 idara ya dharura. Takwimu zikaonyesha wengi wakiondolewa au kulazwa dakika za mwishomwisho kabla saa hazijatimia. Aliyekesha zamu hizo anajua kuuliza: katika saa hizo, mgonjwa alionwa lini, na alipata dawa ya maumivu saa ngapi?