Fandango sio shoo: dhana potofu kuhusu son jarocho huku Los Angeles

Nafundisha jarana, gitaa dogo la son jarocho, muziki wa asili wa Veracruz kule Mexico, hapa Los Angeles na kila darasa jipya likianza lazima mzazi anifuate: "Mwalimu, mwanangu atapanda stejini lini?" Nimelisikia mno hili swali, leo nalijibu.

DHANA: Mtoto akivaa nyeupe, akakariri wimbo wa La Bamba akaupiga sikukuu ya Cinco de Mayo (tarehe 5 Mei), muziki wa Veracruz umehifadhiwa.

Hapana jamani! Son jarocho inaishi kwenye fandango, yaani watu kukusanyika kupiga, kuimba na kucheza pamoja. Watu wanaizunguka tarima, jukwaa dogo la mbao, na jarana zao, wachezaji wanapanda juu ya zile mbao wanapiga mdundo kwa visigino, mmoja anatoa ubeti mwingine anamjibu, na son moja, yaani wimbo mmoja, inaweza kwenda nusu saa maana hakuna aliyepanga ubeti gani unafuata. Son ile ya stejini ya dakika tatu, suti nyeupe na mwendo wa mbio, ilishamiri kwa sinema na redio miaka ya 1940 na 1950, huku fandango za vijijini zikififia, mpaka vijana kama wa Mono Blanco, kundi lililoanza 1977, wakarudi kwa wazee kujifunza na kuziamsha tena. Walichookoa ni watu kukutana. Ndio maana mwaka 2008 ilianzishwa fandango mpakani mwa Marekani na Mexico, kati ya San Diego na Tijuana, hawa upande huu wa uzio wale upande ule, son ni moja.

Kwangu mgeni anasimama nyuma ya duara na kodi (chords) tatu tu za jarana, macho kwenye miguu ya wachezaji sio kwenye vidole vyake, na mzazi naye ashike jarana. Kuna mama alikuwa akija kumsubiri mwanae nje na simu yake, nikamwingiza kwa nguvu, wiki ile ile akatoa ubeti aliokuwa akiusikia kwa babu yake Tlacotalpan, mji wa Veracruz, mtoto hakuwahi kuusikia! Steji ingempa wapi hiyo?

DHANA: Muziki wa Mexico ni mariachi.

Mariachi ni ya Jalisco na majirani zake. Veracruz wana yao, eneo la Huasteca, kaskazini-mashariki mwa Mexico, wana yao na fidla yao. Tuendelee.

DHANA: Ni mambo ya Wahispania na Wahindi Wekundu, Afrika haimo.

Bandari ya Veracruz ilishusha Waafrika wengi sana waliouzwa utumwani. Angalia marimbol, sanduku unalolikalia huku unachapa ndimi za chuma kwa vidole: aliyewahi kuona ilimba ya Wagogo wa Tanzania, nayo ya ndimi za chuma, atajua ni ukoo gani.

DHANA: Kazaliwa huku, Kihispania chenyewe cha kubabaisha, hawezi.

Aimbe tu. Beti ni fupi, zina vina, zinashika kichwani haraka kuliko kitabu chochote cha sarufi.

DHANA: Jarana yoyote inafaa.

Hizi za urembo za maduka ya watalii hazishiki tyuni, mtoto anakata tamaa mnasema hana kipaji. Jarana ya kweli inachongwa kwenye kipande kimoja cha mti, mara nyingi mwerezi, na nyuzi zake huwa nane kwa makundi matano. Azimeni ya darasani kwanza, halafu waulizeni wapigaji fundi wao ni nani.