TANU haikupigwa marufuku, na hiyo kadi ya babu usiilaminishe

Kila ikikaribia Sabasaba simu zinakuwa nyingi hapa kwenye chumba chetu cha nyaraka, mtu ana kadi ya marehemu babu yake ya TANU, kile chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, anauliza inauzwa bei gani, mwingine anabisha kabisa kwamba TANU ilipigwa marufuku vyama vingi vilipoanza. Hapana jamani. Vyama vingi ni 1992, wakati TANU ilishaungana na chama cha ASP cha Zanzibar ikazaliwa CCM tarehe 5 Februari 1977, miaka 10 kamili baada ya Azimio la Arusha, lile tamko la TANU la siasa ya ujamaa. Na Sabasaba yenyewe ni siku ilipozaliwa TANU, 7 Julai 1954, sio maonyesho ya biashara tu, hili tumeshalisema sana.

Mnauliza ilianguka lini. Kwenye kura haikuanguka, 1960 ilibeba viti 70 kati ya 71. Kwa maoni yangu, na hapa siisemei ofisi, nguvu ilianza kupungua 1965 ilipobaki chama pekee Tanzania Bara. Wakati wa mkoloni mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga, kwahiyo aliyechukua kadi alijua anachokitaka, baadaye ukawa huna pengine pa kwenda. Ujamaa vijijini nao, ule mpango wa watu kuishi na kulima pamoja, 1967 ulikuwa wa hiari, 1973 ikawa amri, watu wakahamishwa na mahindi yao yako shambani.

Juzi mama mmoja kaleta kadi ya baba yake, mihuri ya ada imejaa mwezi kwa mwezi, halafu inaanza kuruka, halafu ukurasa mtupu. Kadi moja haithibitishi kitu lakini nilikaa nayo muda mrefu.

Sasa utaratibu. Njoo na kitambulisho, jaza fomu nakala mbili, moja unabaki nayo, tunaiskani kadi mbele yako na unaondoka nayo siku hiyohiyo, hatununui na hatukadirii bei. Anayekuja kusoma majalada anaandika kwa penseli tu, kalamu ya wino inabaki mapokezi pamoja na begi, na ukikutwa unakunja au unachana ukurasa kibali kinafutwa hapohapo, hata uwe profesa. Kulamineti ndio kunaua kabisa, ile plastiki ya moto haibanduki tena bila kuondoka na wino. Ilete kwenye bahasha ya karatasi, sio mfuko wa nailoni.